Habari za Barafu na Jinsi ya Kuzisoma

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike kurasa chache juu ya mafunzo tuliyofanya hapa Kuluva wakati wa likizo. Nimekubali kwa furaha, maana mambo yenyewe yanafaa kujulikana na wanafunzi wote, hata na ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza shule.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu. Wanafunzi walitoka pande tatu. Wengi walikuwa wa kwetu West Nile, yaani Walugbara, Wakakwa kutoka Koboko, na Waalur wachache. Wengine walikuwa wa Sudan Kusini, ambao wazazi wao wamekimbilia kwetu. Wengine tena walivuka kutoka Kongo. Kila kundi lina lugha yake, kwa hiyo tulisema Kiswahili, na hakuna aliyeachwa nyuma. Jambo tulilojifunza lilikuwa hili: magazeti, redio na simu zinatueleza namna gani habari za nchi za barafu, yaani Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini ya dunia, pamoja na milima yetu ya Afrika Mashariki iliyo na barafu?

Siku ya kwanza kijana mmoja aliuliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wataliuliza pia. Alisema, “Mwalimu, sisi twaijua barafu ya dukani tu, ile ya kupozea soda. Habari za Antaktika zatuhusu nini?” Swali lake lilikuwa zuri, na makala haya ni jibu lake.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili, theluji na barafu. Theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu, na barafu limetoka nchi za Uajemi na Bara Hindi. Maneno yote mawili yaliletwa pwani na watu wa biashara. Lakini Wakonzo, wanaokaa chini ya milima ya Rwenzori, hawakuhitaji kuazima. Wao wana neno lao, nzururu, na kwa desturi zao za zamani Kitasamba hukaa huko juu penye weupe. Basi tangu mwanzo tujue kwamba barafu si jambo la wageni peke yao. Imo katika lugha za Uganda.

Sasa nitaeleza jinsi habari ya barafu ya Afrika ilivyofika Ulaya, maana ndani yake mna mafunzo mengi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro wenye kilele cheupe. Akamwuliza kiongozi wake kile cheupe ni kitu gani. Yule mtu hakuwa na jina lake, akajibu tu kwamba ni baridi. Rebmann akafahamu kwamba ni theluji. Baadaye alisikia pia kwamba watu wa Uchaga walikwisha panda zamani kuchukua kile kilichofanana na fedha, na kilipoletwa chini kikawa maji tu. Habari ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849 katika gazeti la wamisionari.

Je, waliisadiki? Wengine walisadiki, lakini bwana mmoja mwenye elimu nyingi, William Desborough Cooley, aliikataa. Cooley hakupata kufika Afrika Mashariki hata siku moja. Alikaa London na vitabu vyake, akasema haiwezekani theluji iwepo karibu na Ikweta, na kwamba macho ya Rebmann yamemdanganya. Mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hata kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Hata hivyo Cooley hakukubali.

Angalieni jambo hili, wenzangu. Wachaga waliijua barafu kwa mikono yao. Rebmann aliiona kwa macho yake. Cooley aliisoma vitabuni tu, lakini kwa kuwa alikuwa na sifa na mahali pa kuandika, neno lake lilisikiwa muda mrefu. Ndiyo sababu swali la kwanza tulilofundishana ni hili: *Nani ameona?* Ukisoma habari yo yote ya mbali, mtafute kwanza yule aliyekuwako. Kama hayumo ndani ya habari, soma polepole.

Rwenzori nayo ina historia inayotugusa sisi wa West Nile. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha alikuwa na boma lake Wadelai, kando ya Nile, katika nchi yetu hii. Henry Morton Stanley alikuja kumtafuta, na katika safari hiyo, mwaka 1888, yeye na wenzake waliiona theluji ya Rwenzori kutoka upande wa Ziwa Albert. Mara nyingi milima ile hujifunika mawingu, na ndiyo maana wasafiri waliweza kupita karibu wasione kitu. Mwaka 1906 mtu mmoja wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vyake, pamoja na kile kirefu kuliko vyote, Margherita, chenye mita 5,109. Mpiga picha Vittorio Sella alikwenda naye. Picha zake zina faida kubwa hata leo, kwa kuwa zinaonyesha barafu ilifika wapi wakati ule. Bila kipimo cha zamani, mtu hawezi kusema kwamba kitu kimepungua.

Baada ya hayo tuliacha Afrika tukaenda Ncha ya Kaskazini. Septemba 1909 Wamarekani wawili walitangaza, kwa kuachana siku chache tu, kwamba kila mmoja amefika huko wa kwanza. Mmoja ni Frederick Cook, aliyesema alifika Aprili 1908. Wa pili ni Robert Peary, aliyesema alifika Aprili 1909. Gazeti la New York Herald lilinunua habari ya Cook. Gazeti la New York Times lilikuwa limepatana na Peary. Basi kila gazeti likamtetea mtu wake, kama washabiki wa mpira wanavyotetea timu yao. Wasomaji walinunua magazeti kwa wingi, lakini ukweli haukuongezeka. Desemba 1909 Chuo Kikuu cha Copenhagen kilichunguza karatasi za Cook, kikasema hazithibitishi kitu. Madai ya Peary nayo yanatiliwa shaka na wataalamu wengi hata leo. Hapo tukapata swali la pili: *Nani amelipia habari hii, naye anapata faida gani?*

Tena, katika safari ya Peary, watu waliofika naye mwisho wa safari walikuwa Matthew Henson, Mmarekani mweusi, na Waeskimo wanne, ambao leo huitwa Wainuit: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Henson alijua lugha yao na alijua kuendesha magari ya mbwa kuliko Wamarekani wenzake. Lakini kwa miaka mingi magazeti yalimtaja Peary peke yake. Msichana mmoja wa darasa letu akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa Rwenzori pia: tunajua jina la Duke, lakini Wakonzo waliobeba mizigo na kuonyesha njia hawatajwi. Alisema kweli. Swali la tatu likawa: *Nani ameachwa nje ya habari?*

Siku ya pili tulifanya jaribio, nanyi mnaweza kulifanya nyumbani. Chukua bilauri mbili. Katika ya kwanza tia kipande cha barafu, kisha jaza maji mpaka ukingoni, barafu ikielea. Katika ya pili jaza maji mpaka ukingoni, kisha weka kichungio juu yake na kipande cha barafu juu ya kichungio, kisiguse maji. Ngojeni. Barafu ya bilauri ya kwanza itayeyuka yote, wala maji hayatamwagika. Sababu ni kwamba barafu inayoelea imekwisha sukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Bilauri ya pili itamwagika, maana maji mapya yameongezwa kutoka juu.

Hivyo ndivyo ilivyo duniani. Katika Ncha ya Kaskazini hakuna nchi kavu, ila bahari iliyofunikwa na barafu inayoelea. Ikiyeyuka, kina cha bahari hakibadiliki ila kidogo sana. Lakini barafu ya Greenland na ya Antaktika imekaa juu ya nchi kavu, na ikiyeyuka huongeza maji baharini. Barafu yote ya Greenland ingeyeyuka, bahari zingepanda karibu mita 7. Ya Antaktika yote, karibu mita 58. Mambo hayo hayawezi kutokea kwa mwaka mmoja wala kwa miaka kumi. Yangehitaji karne nyingi. Hata hivyo kati ya 1901 na 2018 bahari ilikwisha panda kiasi cha sentimita 20, na kwa watu wa Lamu, Mombasa na Unguja hilo si jambo dogo. Mara nyingi mwandishi wa gazeti huchanganya barafu hizi mbili. Swali la nne basi ni hili: *Ni barafu gani inayosemwa, ile inayoelea au ile ya nchi kavu?*

Swali la tano linahusu miaka. Tangu 1979 vyombo vilivyorushwa angani vimekuwa vikipima barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini. Septemba 2012 ilibaki kama kilomita za mraba milioni 3.4 tu, kiasi kidogo kuliko miaka yote iliyopimwa kwa njia hiyo mpaka wakati ule. Mwaka uliofuata ilikuwa kama milioni 5.1. Mara wengine wakaandika kwamba dunia inapoa tena. Lakini hata hiyo milioni 5.1 ilikuwa chini sana kuliko kiasi cha miaka ya 1980. Mtu wa Arua akiona mto Enyau umejaa mwaka huu kuliko mwaka jana, hawezi kusema kwamba ukame umekwisha duniani. Lazima apime miaka mingi. Kwa hiyo uliza: *Wamepima kwa miaka mingapi?*

Picha nayo inaweza kupotosha. Mwaka 2017 gazeti la National Geographic lilieneza picha za sinema za dubu mweupe wa kaskazini mwa Canada, amekonda mno, anajikokota. Maandishi yake yalisema hivyo ndivyo mabadiliko ya hali ya hewa yanavyoonekana. Mamilioni ya watu waliitazama na kuhuzunika. Mwaka 2018 gazeti hilo hilo lilikiri kwamba lilikwenda mbali mno, maana hakuna aliyejua kwa nini dubu yule alikuwa na njaa. Huenda alikuwa mgonjwa au mzee. Ni kweli kwamba kupungua kwa barafu kunawatia taabu dubu wale, lakini mnyama mmoja si ushahidi wa jambo zima. Nalisifu gazeti lile kwa kusahihisha habari yake mbele ya watu. Magazeti mengi hayafanyi hivyo.

Sasa turudi Kilimanjaro, mahali ambapo barafu imeandikwa sana kuliko milima yetu yote. Mwaka 1912 barafu yake ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki kama 1.76. Mwaka 2002 mtaalamu Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba mambo yakiendelea vile vile, barafu ile itakwisha kati ya 2015 na 2020. Magazeti yakaliacha neno “yakiendelea vile vile”, yakaandika mwaka tu. Miaka ya 2015 na 2020 ikapita, na barafu ingaliko. Watu wengine wakasema, “Mwaona, wataalamu ni waongo.” Lakini barafu haikuacha kupungua.

Tena kuna jambo la sababu. Wataalamu wengine walioishi na kupima juu ya Kibo wameonyesha kwamba huko juu barafu hupungua hasa kwa sababu hewa imekuwa kavu na theluji mpya ni haba tangu mwisho wa karne ya 19, na kwamba sehemu kubwa ya barafu hugeuka kuwa mvuke bila kuwa maji kwanza. Hivyo hali ya Kilimanjaro si sawa kabisa na hali ya Greenland. Kusema hivi si kukana kwamba dunia inapata joto. Joto limepimwa kila mahali. Ni kusema kwamba kila mlima una habari yake, na mwandishi mwema hapiki milima yote katika chungu kimoja. *Sababu imethibitishwa, au imedhaniwa tu?* Hilo ni swali la sita na la mwisho.

Wasomaji wa West Nile watauliza sasa juu ya maji yetu. Barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, kama 2 mwaka 1987, na chini kidogo ya 1 mwaka 2003. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema barafu za Afrika huenda zikaisha katika miaka ya 2040, na ile ya Mlima Kenya mapema zaidi. Maji ya Rwenzori huingia mto Semliki, kisha Ziwa Albert, kisha Nile inayopita Pakwach. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba barafu ikiisha, Nile itakauka. Sivyo. Wataalamu waliopima mto Mubuku walikuta kwamba maji yatokanayo na barafu hayafiki hata sehemu 2 katika 100 ya maji ya mto chini ya mlima. Yaliyobaki ni mvua. Mito yetu ni watoto wa mvua, wa misitu na wa maziwa makubwa.

Jambo hilo si la darasani tu. Mmoja wa wanafunzi wetu anatoka kando ya Nile. Mwaka 2020 maji yalipanda, shamba la muhogo la wazazi wake likafunikwa, nao wakahama. Alituambia kwamba kijijini walisikia ni barafu ya mlimani iliyoyeyuka, basi wakangoja, wakidhani barafu ikishaisha maji yatashuka. Kumbe sababu ilikuwa mvua nyingi zilizoanza mwisho wa 2019. Ziwa Victoria lilijaa mpaka Mei 2020 kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, na maji mengi ya ziwa hayana njia nyingine ila kushuka kwetu kwa mto Nile. Kama kijiji kile kingeelezwa habari ya kipimo cha Jinja, watu wangaliweza kujua mapema, wakavuna muhogo wao na kuhamisha mbuzi kabla ya maji kufika. Habari isiyo sahihi iliwapotezea chakula cha mwaka mzima. Kijana aliyeuliza juu ya barafu ya soda alinyamaza kidogo, kisha akaandika mambo hayo katika daftari lake.

Msifikiri kwamba twasema barafu ya Rwenzori haina maana. Ina maana kwa Wakonzo, kwa wapagazi wanaopata mshahara kwa wapandaji, na kwa elimu ya dunia nzima. Lakini umaana wake tuuseme kama ulivyo, tusiuongeze wala tusiupunguze.

Siku ya tatu kila mwanafunzi aliandika habari moja fupi ya barafu kwa lugha ya mama yake, kisha kwa Kiswahili. Hapo taabu ilionekana. Kwa Kilugbara na Kikakwa ilitubidi kueleza kwa maneno mengi: maji yaliyokuwa jiwe kwa baridi, mvua ya mawe isiyoyeyuka. Mwanafunzi mmoja wa Sudan Kusini alisema ni afadhali kueleza kwa maneno kumi yanayofahamika kuliko neno moja la kigeni ambalo bibi yake hatalielewa. Nami nakubaliana naye. Mkataba wa Antaktika uliwekwa sahihi mwaka 1959 na nchi 12, na katika hizo Afrika ilikuwa na nchi moja tu, Afrika Kusini iliyotawaliwa na weupe wakati ule. Si ajabu basi kwamba habari nyingi za huko zimeandikwa bila kutufikiria sisi. Tusipoziandika wenyewe kwa lugha zetu, tutaendelea kuzipokea nusu nusu.

Kwa kumalizia, nayarudia yale maswali sita ili myabandike ukutani: Nani ameona? Nani amelipia? Nani ameachwa nje? Ni barafu gani? Wamepima kwa miaka mingapi? Sababu imethibitishwa au imedhaniwa? Maswali haya yanafaa kwa barafu, lakini yanafaa pia kwa bei ya tumbaku, kwa habari za ugonjwa, na kwa maneno ya wakati wa uchaguzi.

Na ninyi ndugu zetu wa zamani mnaofanya kazi Kasese, Jinja, Pakwach na hata Juba, twawaomba mtuandikie. Semeni maji ya kwenu yamefika wapi mwaka huu, na mmeyaona kwa macho yenu lini. Barua zenu zitasomwa darasani, na zilizo nzuri mhariri atazichapa.